Barometa inasema 830, simu inasema 1018: nani mwongo?

Tangu watu wajue kwamba nina kituo kidogo cha hali ya hewa juu ya paa la nyumba yangu hapa Mbeya, ujumbe ninaopokea mara nyingi kuliko mwingine ni huu: "Kaka, kihisi cha mgandamizo wa hewa nilichonunua ni kibovu, kinanipa namba za ajabu." Nikiomba picha, mara tisa kati ya kumi namba haina ajabu yoyote. Kifaa ni kizima. Kilichopotea ni jina la kipimo, au mahali, au saa. Kwa hiyo kabla hujashika bisibisi, iulize namba yako maswali matatu: ni ya kipimo gani, ni ya wapi, na ni ya saa ngapi?

Humu natumia "mgandamizo wa hewa", kama watabiri wetu wanavyosema kwenye taarifa. Vitabu vingine vya shule huandika "kanieneo". Ni kitu kilekile: uzito wa hewa yote iliyo juu yako, unavyokandamiza eneo fulani. Usiite "presha" mbele ya mama mkwe, atakuuliza umeanza dawa lini.

DALILI: Namba iko chini mno (830, 860, 890)

Huu ndio ugonjwa wa watu wa bara. Watu wa pwani hawaujui kabisa.

Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa iliyojaa kati ya kimo cha bahari na kimo cha Mbeya haiko juu ya kichwa chako, kwa hiyo haikukandamizi. Karibu na bahari, ukipanda mita 8 hivi unapoteza hektopaskali moja (kipimo cha mgandamizo, kwenye kifaa huandikwa hPa). Huku juu, ambako hewa ni nyepesi, hektopaskali moja inataka kama mita 10. Jumlisha mwinuko wote huo na kihisi kizima kabisa kitakuonyesha 830 hivi. Arusha mjini kitaonyesha 860 na ushei, Dodoma na Mwanza kwenye 890, Nairobi kati ya 820 na 840 na kitu kulingana na mtaa. Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja wao wanacheza kwenye 1010 na kuendelea.

Simu yako inaposema 1018 ukiwa Mbeya, haijapima hewa ya Mbeya. Imetoa namba iliyorekebishwa, kana kwamba mji wako umeshushwa mpaka ufukweni. Wanafanya hivyo kwa sababu nzuri: bila marekebisho hayo, ramani ya mgandamizo ingechora milima tu. Kilimanjaro ingeonekana kimbunga cha milele. Mgandamizo mdogo kuliko wote uliowahi kupimwa usawa wa bahari ni hektopaskali 870, ndani ya tufani Tip katika Pasifiki ya magharibi, tarehe 12 Oktoba 1979. Arusha wanaamka na namba ndogo kuliko hiyo kila siku, wanakunywa chai na kwenda kazini.

Tiba ni hesabu. Chukua kimo chako kwa mita, gawanya kwa 44,330. Toa jibu hilo kwenye 1. Kinachobaki kipandishe kwa kipeo cha 5.255. Halafu chukua namba ya kihisi chako (kwa hektopaskali) uigawanye kwa hicho ulichopata. Kwa mita 1,700 kigawanyo ni 0.814, kwa mita 1,400 ni 0.845, kwa mita 1,120 ni 0.874. Kwa hiyo 830 yangu gawanya kwa 0.814 inakuwa 1019 na nukta, na ghafla mimi na simu tunapatana.

Wapo wanaojumlisha tu 185 au 189 kila siku bila kugawanya. Si dhambi kubwa, ila badiliko la hektopaskali 3 juu ya paa ni badiliko la karibu 3.7 likishashushwa baharini, na ukijumlisha unalipoteza hilo.

Jambo moja lisemwe wazi. Kwa sisi wa nyanda za juu, namba hiyo ya usawa wa bahari ni ya kufikirika. Chini yetu hakuna hewa, kuna mwamba. Kanuni inabuni hewa isiyokuwepo, tena kwa kudhani joto la nyuzi 15 baharini na kupungua nyuzi 6.5 kwa kila kilomita, hali ambayo Tanzania haiijui. Ndiyo maana programu mbili za simu zinaweza kupishana hektopaskali tatu au nne kwa Mbeya, na zikakubaliana vizuri kwa Dar. Na ndiyo maana vituo vya miinuko mikubwa, katika ripoti zao za kimataifa, huweza kutuma kimo cha tabaka la hektopaskali 850 (hukaa kwenye mita 1,500 hivi) badala ya kujifanya viko ufukweni.

Mzee mmoja jirani yangu aliniletea barometa ya shaba ya mshale, aliyoirithi. Uso wake una inchi 28 hadi 31, na maneno ya Kiingereza ya tufani, mvua, badiliko, kweupe na ukavu. Mshale ulikuwa umelala chini ya "tufani", nje ya maandishi kabisa, na fundi saa alikwisha kulipwa mara mbili kuutibu. Hesabu ilitosha: 830 ni inchi 24.5. Kifaa kilikuwa kinasema kweli kwenye uso uliochorwa kwa ajili ya watu wa nchi tambarare. Barometa za aina hiyo zina skrubu ndogo nyuma ya kusogeza mshale. Tukazungusha polepole, ukafika inchi 27 ukakataa. Nikamwambia mzee tuache kabla hatujaua kisanduku cha ndani. Sasa inaning'inia sebuleni, na chini ya mshale amebandika kipande cha karatasi chenye alama zake mwenyewe kwa kalamu. Inafanya kazi vizuri kuliko ilivyokuwa kwa baba yake.

DALILI: Namba ina sura ambayo hujawahi kuiona (83012, 83.0, 24.51, 623)

Zote nne ni hewa moja, ya Mbeya, asubuhi moja. Kilichobadilika ni kipimo.

83012 ni paskali tupu. Utaikuta ukitumia vihisi vidogo vya BMP280 au BME280 na Arduino (ubao mdogo wa kielektroniki unaouandikia programu mwenyewe), kwa sababu maktaba nyingi za programu hurudisha paskali. Gawanya kwa 100 ndani ya programu yako na mambo yameisha. Hii ndiyo inayowatisha vijana wa vyuo kuliko zote, na ndiyo rahisi kuliko zote.

83.0 ni kilopaskali. iPhone huwapa waandishi wa programu mgandamizo kwa kilopaskali, na Kanada hutangaza hivyohivyo kwa umma, kwa hiyo ndugu yako wa Toronto akikwambia leo ni 101.3 hajachanganyikiwa. Zidisha kwa 10.

24.51 ni inchi za zebaki. Maana yake ni kwamba programu yako inajidhani iko Marekani. Badili mipangilio, au zidisha kwa 33.864.

623 ni milimita za zebaki, kipimo ambacho Warusi bado wanakisoma kwenye utabiri wao, na ambacho kwetu kimebaki hospitali, kwenye ile 120 kwa 80. Zidisha kwa 1.3332. Tahadhari: mvua nayo hupimwa kwa milimita. Ukimwandikia mtu "leo milimita 623" bila kusema zebaki, ataanza kuhamisha magodoro.

Milibari na hektopaskali hazina cha kubadilisha. Moja ni sawa na moja, bila hata nukta. Historia yake ni fupi na inafaa kuijua. Mwanasayansi Torricelli, huko Italia mwaka 1643, alisimamisha zebaki kwenye bomba la kioo, ikabaki kwenye kimo cha milimita 760 hivi; tangu hapo dunia ikapima hewa kwa urefu, iwe milimita au inchi. Mwanzoni mwa karne ya 20 wataalamu wa hali ya hewa wakahamia milibari. Mwaka 1971 paskali ikapewa jina rasmi, lakini paskali moja ni ndogo mno, na hakuna aliyetaka kuandika upya kumbukumbu za miaka mingi. Wakachukua paskali mia, wakaiita hektopaskali, ikaangukia palepale kwenye milibari. Shirika la Hali ya Hewa Duniani linatumia hektopaskali tangu 1986. Ukiona "mb" kwenye kifaa cha zamani, soma kama hPa na uendelee na safari. Hizo si MB za bando.

Kipimo cha upepo wa tairi kiache gereji. Chenyewe huanza kuhesabu sifuri pale hewa ya nje inapoishia, kwa hiyo kikiwa mezani kitakwambia sifuri siku zote, iwe tufani au kweupe.

DALILI: Ripoti ya uwanja wa ndege inaonyesha Q1014 hapa, A2992 kule

Watu wengi huchukua namba za kulinganisha kutoka ripoti za viwanja vya ndege, na wanafanya vizuri, maana vifaa vyake hukaguliwa. Herufi ya mbele ndiyo kipimo. Q ni hektopaskali: Q1014 ya Julius Nyerere ni hektopaskali 1014. A ni inchi za zebaki mara mia: A2992 ya New York ni inchi 29.92, yaani 1013.

Mtego uko hapa. Marubani waliozoea inchi wakisikia redioni "tisa tisa mbili", masikio yao huweza kujazia mbili ya mbele wasikie 29.92. Lakini 992 ni hektopaskali, na iko chini ya 1013 kwa 21. Hektopaskali moja huko chini ni kama futi 27, kwa hiyo kipimakimo cha ndege kinadanganya kwa zaidi ya futi 550, tena kwa upande mbaya: ndege iko chini kuliko inavyojidhani. Wewe uliye juu ya paa hutaanguka, ila ukinakili "2992" kwenye jedwali lako la hektopaskali, grafu yako itapaa mpaka mwezini.

Na jua kwamba namba ya Q hukatwa, haikadiriwi. Ikiwa 1014.9, inaandikwa 1014. Kwa hiyo kihisi chako kikizidi uwanja wa ndege kwa nukta saba, nukta nane, huna ugomvi nao.

DALILI: Nimesharekebisha yote, bado tunapishana 1 mpaka 3

Angalia saa kwanza. Ripoti zimeandikwa kwa saa ya Z (saa ya dunia, UTC), siyo yetu. Wengi hujumlisha tatu kupata saa ya Afrika Mashariki, kisha wanatoa sita kupata saa ya Kiswahili, katikati wanapotea. Njia ya mkato: toa 3 kwenye Z, unapata saa ya Kiswahili moja kwa moja. 0700Z ni saa nne asubuhi. 1300Z ni saa kumi jioni. Ikizidi kumi na mbili, toa kumi na mbili. Walioko Bujumbura, Kigali au Bukavu watoe 4. Kukosea saa tatu katika nchi zetu kunatosha kabisa kuleta tofauti ya hektopaskali mbili. Sababu nitaieleza chini.

Kisha angalia kimo ulichoingiza. Ukikosea mita 10, umekosea hektopaskali moja na zaidi. Simu nyingine hukupa kimo cha setilaiti ambacho hakijasahihishwa kuwa kimo cha juu ya bahari, na kwa ukanda wetu tofauti inaweza kufika mita ishirini au zaidi. Tumia ramani ya mistari ya kimo kama unaweza kuipata, na usisahau kwamba ghorofa ya tatu si uwanjani.

Kisha kihisi chenyewe. BMP280 inaruhusiwa na watengenezaji wake kukosea hektopaskali moja juu au chini kwa thamani kamili, lakini kwa kufuatilia mabadiliko ni makini sana, sehemu ndogo tu ya hektopaskali. Ukikuta kila siku, saa zote, kinazidi kwa 0.8 ileile, toa 0.8 kwenye programu na uache kukifikiria.

DALILI: Kila jioni mgandamizo unaanguka, programu inatangaza dhoruba, mvua hainyeshi

Hapa ndipo vifaa vya kuagiza vinapotuaibisha, na hapa ndipo ningependa ukae kidogo.

Katika nchi za tropiki mgandamizo hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, kama maji ya bahari yanavyojaa na kupwa. Vilele viko karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Mabonde yako karibu na saa kumi, jioni na alfajiri. Saa nne kilele, saa kumi bonde: ni kama saa ya Kiswahili iliwekwa kwa ajili yake. Kutoka kilele cha asubuhi mpaka bonde la jioni kuna hektopaskali mbili mpaka nne. Chanzo si mwezi, ni jua: hulipasha joto anga, hasa mvuke wa maji na tabaka la ozoni, na anga zima linayumba.

Wimbi hilo lipo Ulaya pia, lakini ni dogo na limezama chini ya mabadiliko makubwa ya hali ya hewa yao. Kwao kushuka kwa hektopaskali tatu kwa saa chache ni habari. Kwetu ni Jumanne. Kifaa chenye picha ya jua na wingu, au msimbo wa Zambretti (kanuni ya kutabiri hali ya hewa kwa mgandamizo) ambao wapenzi wa vituo vya nyumbani huunakili (asili yake ni Uingereza, 1915), kikiona kushuka huko kinatabiri mvua kila alasiri ya kiangazi. Uzime. Simtanii mtu.

Ukitaka kujua kama kuna jambo kweli, usilinganishe saa kumi na saa nne. Linganisha saa nne ya leo na saa nne ya jana. Wimbi linajifuta lenyewe, linabaki badiliko halisi. Mara nyingi utapata nusu hektopaskali, au moja. Karibu na ikweta tofauti za mgandamizo ni ndogo mno kiasi kwamba watabiri wa ukanda huu hutegemea zaidi ramani za mkondo wa upepo kuliko mistari ya mgandamizo inayoonekana kwenye televisheni za Ulaya.

Linaloonekana vizuri ni la misimu. Pwani, miezi ya Juni hadi Agosti namba hupanda, kwa sababu mgandamizo mkubwa wa Maskarini kusini mwa Bahari ya Hindi unapata nguvu na kusukuma kusi. Ukija msimu wa kaskazi, kuanzia Desemba, namba hushuka hektopaskali kadhaa. Usiiite hitilafu, mabaharia wa majahazi waliishi na mabadiliko hayo bila barometa.

Kinachovunja utaratibu huu ni kimbunga. Kikikaribia, kilele cha saa nne kinapungua siku hata siku, halafu wimbi lenyewe linamezwa na mstari unaoteremka. Wakazi wa Mafia, Lindi na Mtwara walipopigwa na Hidaya mwanzoni mwa Mei 2024 hawakuhitaji kihisi kuwaambia. Tahadhari za TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania) zilitangulia. Ukiwa pwani na leo yako iko chini ya jana kwa hektopaskali tano saa ileile, fungua taarifa za TMA, siyo boksi la kihisi.

Wapanda mlima nao hupata dalili ya namna hii. Saa ya mkononi yenye kipimakimo hukisia kimo kutokana na mgandamizo. Umelala kambini tangu asubuhi, jioni saa inasema umepanda mita thelathini. Hema halijahama. Ingiza kimo cha kwenye kibao cha kambi kabla ya kuondoka.

DALILI: Ramani ina namba tatu tu, 134 au 987

Kumi au tisa ya mbele imeachwa, na tarakimu ya mwisho ni nukta. 134 ni 1013.4, 987 ni 998.7. Chagua inayokaribia 1000.

DALILI: Namba haitembei, au inatembea na jua

Sasa ndiyo tuzungumzie ubovu. Chora grafu ya siku mbili. Ukiona vilele viwili na mabonde mawili kwa siku, kihisi ni kizima, hata kama namba zake zimepotoka. Mstari mnyoofu kabisa siku nzima, katika nchi hii, hauwezekani: ama kihisi kimekufa, ama programu inarudia namba ya kwanza iliyosoma, ama nyaya zimeachia.

Ukiona kilele kimoja tu, mchana, kinapanda na jua na kushuka na baridi, umekifungia kwenye kopo lisilopitisha hewa. Nilifanya hivyo msimu wangu wa kwanza: niliziba kila tundu kwa silikoni nikiogopa mvua, nikawa napima joto la kopo wiki tatu nzima huku nikijisifu kwa grafu safi. Toboa tundu dogo upande wa chini, mahali ambapo upepo haupigi moja kwa moja.

Mkwaruzo wa juu-chini usio na mpango siku za upepo ni tundu linaloelekea upepo, ligeuze. Na kile kitundu kidogo juu ya kihisi chenyewe kisipakwe gundi wala kuachwa kwenye mwanga mkali.

Kipimo cha mwisho hakina gharama. Washa kihisi, soma namba, kishushe kutoka ghorofa ya tatu mpaka chini, usome tena. Kwa mita 10 inatakiwa iongezeke hektopaskali moja hivi. Isipoongezeka hata kidogo, hapo ndipo umrudishie aliyekuuzia.